Mchanga Hauna Tumbo

Nyasi zilitoka mkononi mwangu kama zulia lililotandikwa bila gundi. Sikuvuta kwa nguvu. Niliinama, nikashika kishungi kimoja, na kipande cha ukubwa wa sinia kikainuka chote. Juu bado kulikuwa na kijani kilichoanza kufifia, chini hakukuwa na kitu. Mizizi ilikuwa mifupi kama njiti za kiberiti, na kama njiti za kiberiti, ilikuwa imevimba nchani. Chini yake ni mchanga mtupu, msafi, ule ambao fundi angeuchanganya na simiti akajenga ukuta.

Hii ilikuwa 2019, katika klabu moja ya gofu pembeni mwa Nairobi. Jina lake liache. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla, mwaka wa pili wa shahada ya sayansi, na sababu ni ile ya kawaida: karo. Jamaa wa mtaani alinipeleka kwa supavaisa, kesho yake nikaanza kibarua cha kukata nyasi, kuzoa majani na kubeba pampu ya dawa mgongoni. Aliyenifunza kazi ni mzee mmoja wa Murang'a ambaye sote tulimwita Guka. Yeye aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu.

Wiki sita kabla ya nyasi kung'oka, tulipiga dawa ya kuzuia mbegu za magugu zisiote. Meneja aliandika kipimo kwenye karatasi, kipimo kimoja kwa uwanja wote. Guka aliisoma ile karatasi akauliza, "Hata ile mpya?" Akajibiwa, hata ile mpya.

"Ile mpya" ilikuwa grini, yaani ule uwanja mdogo wenye shimo na bendera, ambapo nyasi hukatwa fupi kama nywele za mwanajeshi. Grini nyingine zote za klabu zilikuwa za zamani, zimejengwa kwa udongo uleule mwekundu wa pale. Hii moja ilikuwa imejengwa upya kwa mchanga, kitaalamu, kwa pesa nyingi. Dawa ikapigwa. Za zamani hazikusikia kitu. Mpya ikafa polepole, na jua la Januari lilipokaza, ikamalizika kabisa.

Kikao kiliitwa. Swali lilikuwa moja tu: nani alichanganya? Guka ndiye aliyechanganya, mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Akasema alipima kama karatasi ilivyosema, na kwamba kosa si la kipimo. "Mchanga hauna tumbo," alisema. "Udongo ukiupa dawa, unameza nyingine. Mchanga unampa nyasi yote." Mtu mmoja upande wa meneja akacheka. Guka akaomba angalau wamruhusu amwage vumbi la makaa na samadi iliyooza pale grini, pengine kitu kingeokolewa. Wakacheka zaidi. Kisha wakanigeukia: je, niliona akizidisha? Nikasema mimi nilikuwa naleta maji tu.

Ilikuwa kweli. Lakini chuoni, muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, nilikuwa nimekaa darasani mwalimu akitufundisha jinsi vitu vikavu vyenye vitundu vinavyonasa molekyuli juu ya uso wake, na mfano alioutoa ulikuwa makaa. Nilikuwa hata na noti. Guka alifutwa siku hiyo.

Sasa naishi kwa kuandika, makala hapa, tafsiri pale, na mwaka jana nikaamua kutafuta alichokuwa anasema yule mzee. Nilitaka kujua nani mwingine aliwahi kulisema, na lini. Kumbe ni historia ndefu, na imepita kwenye vita, kwenye viazi vitamu, na kwenye gofu yenyewe.

Wacha nianze na vita. Kabla ya miaka ya 1940, mtu aliyetaka kuua magugu kwenye nyasi za bustani alikuwa na silaha chache za kutisha: chumvi za chuma, na michanganyiko ya aseniki iliyoua karibu kila kitu, mtumiaji asipojihadhari hata yeye mwenyewe. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja na utafiti wa siri. Uingereza, wanasayansi wa kampuni ya ICI na wale wa kituo cha Rothamsted walikuwa wanachunguza kemikali zinazoiga homoni za mimea. Marekani, E. J. Kraus wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa na wazo lilelile, kwamba homoni ikizidi, mmea hujikuza hadi kufa, na jeshi likavutiwa, maana mazao ya adui nayo ni mimea. Vita viliisha kabla haijatumika hivyo. Kemikali iliyotoka humo ni 2,4-D, na mwaka 1944 watafiti wawili, Marth na Mitchell, walichapisha kwamba inaua magugu ya majani mapana katikati ya nyasi na kuziacha nyasi zimesimama. Silaha iliyokusudiwa kuwanyima watu chakula ikapata kazi yake ya kwanza ya amani hapo: kusafisha uwanja mbele ya nyumba. Mwaka uliofuata ilikuwa madukani.

Furaha ilikuwa kubwa, na kama kawaida ya furaha, ikaleta wajinga. Watu walinyunyiza 2,4-D asubuhi, mchana wakatumia pampu ileile kwa nyanya au pamba, na shamba likajikunja lote. Pampu ilioshwa, ikaoshwa tena, dawa haikutoka. Mwaka 1947 Lucas na Hamner walichapisha katika jarida la Science kwamba makaa yanaweza kuinasa 2,4-D na kuifanya isidhuru. Mwaka 1948, katika jarida hilohilo, Arle, Leonard na Harris wakaeleza jaribio ambalo nililisoma mara tatu, kwa sababu sikuamini. Walichukua vipando vya viazi vitamu, wakavipaka unga wa makaa, kisha wakavipanda katika udongo uliotiwa dawa. Makaa yakainasa dawa kabla haijafika kwenye mizizi.

Makaa ya maabara si yale ya gunia la kando ya barabara. Yamepitishwa kwenye joto kali na mvuke mpaka yamejaa vitundu visivyoonekana, na gramu chache zake zikitandazwa uso wake wote zinaweza kufunika uwanja wa mpira. Yale ya kupikia chai ni dhaifu zaidi. Sisemi Guka angeiokoa grini kwa debe moja la vumbi la makaa, na sidhani ingepona. Ninachosema ni kwamba walimcheka kwa jambo lililokuwa limechapishwa zaidi ya miaka 70 kabla, na kwamba hadi leo, dawa ikimwagika kwenye uwanja wa gofu, dawa ya dawa ni unga wa makaa.

Sasa, makaa na mboji ni ndugu. Mboji ni kile kilichobaki cha majani, mizizi, kinyesi na wadudu, vilivyooza mpaka hakuna anayeweza kusema kipi kilikuwa kipi. Kwa macho ni weusi tu ndani ya udongo. Lakini chembe zake zimejaa kaboni na zina uso mpana mno, na dawa nyingi za magugu ni molekyuli zisizopenda maji. Zikipewa nafasi ya kuchagua kati ya kuelea majini na kujibandika kwenye mboji, zinajibandika. Mzizi unakunywa maji, hautafuni mboji. Kwa hivyo dawa iliyoshikwa hapo ipo shambani, imelipiwa, imepimwa, lakini kwa mmea ni kama haipo. Baadaye vijidudu vinavyoishi katika mboji hiyohiyo huivunjavunja. Hilo ndilo tumbo alilokuwa anasema.

Si kila dawa iko hivyo, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Parakwati hushikwa zaidi na udongo wa mfinyanzi kuliko mboji. Glaifoseti hujifunga kwenye madini ya chuma na alumini, ndiyo maana udongo mwekundu huizima haraka. Mboji inatawala zaidi kwa zile dawa zinazopigwa ardhini kabla magugu hayajaota, na ile yetu ilikuwa ya kundi hilo: pendimethalini. Huyeyuka kidogo mno, chini ya miligramu 1 kwa lita ya maji, na kazi yake ni kuzuia seli za ncha ya mzizi zisigawanyike. Mzizi hauungui. Unakoma tu kwenda mbele, unavimba nchani kama rungu. Mtu akiangalia kwa juu, nyasi bado ni kijani, kwa sababu zinaishi kwa akiba. Jua likija, hakuna kinachoshuka kutafuta maji. Nilichoinua siku ile kama zulia kilikuwa na jina na maelezo vitabuni zamani sana.

Turudi nyuma kidogo, maana sehemu inayonikera zaidi iko katikati ya karne. Dawa za ardhini zilianza kufurika sokoni miaka ya 1950. Kulikuwa na zile za jamii ya urea, kama monuroni, na mwaka 1954 Sherburne na Freed walionyesha kwamba ushikaji wake unategemea udongo una nini ndani, hasa mboji. Huko Basel, Uswisi, kampuni ya Geigy ikaleta simazini mwaka 1956, na muda mfupi baadaye atrazini, ambayo wakulima wa mahindi wa hapa kwetu hawahitaji kuelezwa. Kila aliyetumia dawa hizi aligundua fumbo lilelile: kipimo kinachosafisha shamba la jirani kinaua mimea yangu, au hakiui kitu. Mwaka 1962 Upchurch na Mason, wa North Carolina, wakaliandika jambo hilo kwa hesabu. Mboji ikipanda, unahitaji dawa zaidi kupata matokeo yaleyale. Mboji ikishuka, dawa ileile inakuwa kali. Tangu hapo lebo za dawa nyingi zikaanza kuwa na jedwali: udongo wa mchanga kipimo hiki, wa mfinyanzi kipimo kile, mboji chini ya asilimia fulani usitumie kabisa.

Yaani mwaka 1962 jambo limeshajulikana, limechapishwa, liko hesabuni. Na miaka miwili tu kabla ya hapo, gofu ilikuwa imeamua kuhamia mchangani.

Hadithi yake ni hii. Baada ya vita, gofu Marekani ilifurika watu, na grini za udongo zikakanyagwa mpaka zikawa ngumu kama sakafu. Maji hayakupenya, nyasi zikakosa hewa. Mwaka 1960, Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, kilitoa maelekezo ya kujenga grini kwa njia mpya. Kwa kifupi, mabomba ya kutoa maji chini, kokoto kama sentimita 10, juu yake mchanganyiko wa karibu sentimita 30 ambao sehemu kubwa ni mchanga, na mboji kidogo tu, kwa kawaida ya kuchimbwa mabwawani. Ilifanya kazi, na inafanya kazi hadi leo. Mvua ikinyesha, saa moja baadaye watu wanacheza. Maelekezo yale yamerekebishwa mara kadhaa na kuzunguka dunia nzima, na ndiyo yaliyofika kwenye klabu yetu, kwenye lori za mchanga, mkandarasi akishikilia ramani kama msahafu.

Kwa hiyo fani moja ilikuwa inathibitisha kwamba mboji ndiyo ngao ya mzizi, na fani nyingine, kwa sababu nzuri kabisa za maji na hewa, ilikuwa inaivua nyasi ngao hiyo. Sidhani kulikuwa na njama. Watu wa maji hawakuwa wakikaa na watu wa dawa, basi. Lakini lebo nyingi za dawa kama ile yetu hukataza kabisa kuipiga kwenye grini, na mtu aliyeandika ile karatasi yetu alikuwa na mtungi wenye lebo mezani kwake.

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu nyasi zenyewe. Grini ile ilipandwa bermuda chotara, za ukoo ulioanzia Tifton, jimbo la Georgia, ambako Glenn Burton alitoa aina ya Tifgreen mwaka 1956. Mzazi mmoja wa chotara huyo ni nyasi ya Afrika Kusini. Na pande zote za grini, kwenye ule mkeka mrefu ambao mpira hupita, tulikuwa na nyasi za Kikuyu, zile zinazojiotea zenyewe karibu na kila tangi la maji kutoka Limuru hadi Nyeri. Hizi nazo zimesafiri. Zilipelekwa California karibu 1918 kushikilia udongo wa kingo za mitaro, zikakataa kukaa kwenye mitaro. Leo serikali ya Marekani imeziweka kwenye orodha ya magugu hatari, na wakati huohuo klabu ya Riviera huko Los Angeles inazitunza kama mboni ya jicho, na wachezaji wakubwa duniani huzilaani kwenye televisheni. Gugu ni nyasi iliyo mahali ambapo mwenye pesa hakuitaka.

Nyasi zetu za Kikuyu zilipigwa dawa ileile, kipimo kilekile, siku ileile, na pampu iliyokuwa mgongoni mwangu. Hazikuona kitu. Zilikuwa juu ya udongo mwekundu wa volkano wenye miaka na miaka ya mizizi iliyooza. Klabu za kwanza za gofu Nairobi ni za mwanzoni mwa karne ya ishirini, Royal Nairobi ilianza 1906, na nyasi zikikatwa mahali pamoja kwa miaka mingi hivyo, zinajitengenezea mboji yao bila kuombwa. Hata grini ya mchanga ikiachwa miaka ya kutosha, hupata tabaka jeusi juu, la vijiti na mizizi iliyokufa. Wataalamu wa gofu hulichukia tabaka hilo kwa sababu hufanya uso kuwa laini na kushika maji. Hulitoboa, hulikwangua, humwaga mchanga juu yake. Nalo ndilo linaloshika dawa, ingawa likiwa nene sana mizizi huamua kuishi humohumo, ikakutana na dawa uso kwa uso. Kwa hivyo si kwamba mboji ikizidi mambo yote ni sawa. Kinachohesabika ni mzizi ulale wapi na dawa ilale wapi.

Mwaka 2010 Marekani ilisajili dawa nyingine ya ardhini, indaziflamu, kali kiasi kwamba hupimwa kwa makumi ya gramu tu kwa hekta nzima. Ndani ya miaka michache watafiti wa Tennessee walikuwa wanakuza bermuda kwenye mchanga na kwenye udongo wa kawaida, wakilinganisha mizizi, na wakakuta ya mchangani ndiyo iliyoumia zaidi. Zaidi ya miaka 60 tangu viazi vitamu, swali ni lilelile. Siwalaumu, kila dawa mpya lazima iulizwe upya. Lakini nilipokuwa nasoma nilijikuta nahesabu: 1947, 1948, 1954, 1962, halafu miaka ya 2010, halafu Januari ile, na kikao cha dakika 20 ambapo hakuna aliyeuliza swali hata moja kuhusu mchanga.

Niliibakiza lebo ya mtungi ule, nilikuwa nimeibandua kabla mitungi haijatupwa, sijui kwa nini. Imekunjwa ndani ya daftari la noti za kemia. Maandishi ni madogo, yameandikwa Kiingereza cha mawakili, na mtu anayebeba pampu hapewi muda wa kuyasoma. Guka alisoma hadi darasa la saba. Alichojua alikijua kwa kumwaga dawa ya sangari kwenye mashamba ya kahawa ya watu tangu ujana, akiona bonde linabaki salama na kilima chenye kokoto kinaungua.

Mwezi uliopita nilimpigia. Nambari yake ilikuwa ileile. Anaishi kwake sasa, ana ng'ombe wawili na anasema magoti yanamsumbua. Nikamweleza yote: makaa, viazi vitamu, watu wa North Carolina, grini za 1960. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye zile noti za mwaka wa pili nikasita, lakini nikasema.

"Kwa hivyo siku ile ulijua," akasema.

"Nilijua nusu, Guka."

Akanyamaza. Nikasikia ng'ombe nyuma yake, na mtu akiburuta ndoo.

"Nusu ingetosha, Profesa," akasema. Kisha akaniuliza kama mvua imeshafika Nairobi, maana kwao mahindi yameanza kujikunja.